Tunalipia somo la Kiingereza halafu tunalishwa hadithi ya chambo na ndoano!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna kundi la WhatsApp la kufundisha Kiingereza, ada Sh 15,000 kwa mwezi. Wamo wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, vijana wanaojiandaa na usaili. Juzi mwalimu kaleta msemo "with bated breath", yaani kusubiri jambo roho juu. Maana kapatia. Alipofika kwenye asili yake ndipo alipoharibu: katuma picha ya ndoano yenye mnyoo, kaandika "baited" yenye i, na kudai umetoka kwa wavuvi wa Uingereza waliobana pumzi wakishatia chambo, samaki wasije wakashtuka. Watu wakampigia makofi, "asante teacher", wakanakili kwenye madaftari.

Wavuvi gani hao? Msemo huu hauna samaki wala ndoano. "Bated" ni "abated" iliyokatwa mwanzo, maana yake iliyopunguzwa au iliyoshushwa. Tunaukuta kwa Shakespeare, kwenye The Merchant of Venice, tamthilia iliyochapwa mwaka 1600. Antonio anataka mkopo wa ducat 3,000 kwa miezi 3 ili amsaidie rafiki yake Bassanio. Anayeombwa ni Shylock, Myahudi ambaye Antonio huyohuyo amemwita mbwa na kumtemea mate hadi kwenye ndevu. Shylock anamuuliza: ulitaka niiname, nikuambie kwa sauti ya mtumwa, "with bated breath and whispering humbleness", kwamba bwana mkubwa, Jumatano ulinitemea mate, siku nyingine ukaniita mbwa, basi kwa hisani hizo nakukopesha?

Mmeona? Pumzi inashushwa kwa unyonge, mtu asije akamkera mkubwa aliyesimama mbele yake. Hapo hakuna anayesubiri matokeo. Maana ya kusubiri kwa shauku imekuja baadaye. Hiki ndicho kisa ambacho darasa zima limenyimwa, na ni kitamu kuliko huo mnyoo!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tamthilia hii tunayo kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliitafsiri, Mabepari wa Venisi, 1969. Mtu anayejiita mwalimu wa Kiingereza Tanzania anashindwaje kuifungua?

Niseme haki: kuandika "baited" ni kosa la kawaida, hata Waingereza wenyewe hulifanya. Kwa hiyo i peke yake nisingegombana na mtu. Kutunga wavuvi na kuwauzia watu, hapana. Na baada ya kuweka mstari wa Shakespeare kundini, ujumbe wangu ukafutwa, nikaandikiwa pembeni "usivuruge darasa", kisha nikatolewa. Hela yangu imebaki kwao.

Ninachotaka ni ada yangu irudi, na darasa lipewe masahihisho hadharani. Yule dada wa mapokezi aliyeahidi kuanza kuutumia kwenye barua pepe za wageni ataandika chambo kwa sababu yao.

Kama kuna mdau humu bado yumo kundini, tafadhali bandika huko: Kitendo cha 1, Onyesho la 3. Jaribio ni Jumamosi, na swali la asili ya msemo huo wameshatangaza kuwa litakuwemo.