Naomba ushauri: rangi ya nyuma inahama nikirekebisha rangi za picha za bidhaa
Wakuu habari zenu. Narenda (natengeneza kwa kompyuta) picha za bidhaa kwa Blender, programu ya 3D; ni chupa za kioo. Mteja ametoa rangi ya nyuma, #F2E8DC (msimbo wa rangi ya krimu), na lazima ibaki hiyohiyo kwa sababu ndiyo rangi ya ukurasa wake. Ikitofautiana kidogo tu, ukingo wa picha unaonekana kama kiraka.

Nikitumia AgX, mojawapo ya njia za Blender za kugeuza mwanga wa renda kuwa rangi za skrini, chupa inapendeza sana, mng'ao unashuka taratibu, lakini rangi ya nyuma inafifia kuelekea kijivu. Nikihamia Standard, njia nyingine ya hapohapo, rangi hiyo naipata sawasawa, ila mng'ao unakuwa doa jeupe tupu. Nikiongeza kontrasti baadaye, vyote vinasogea pamoja.

Nafikiria kurenda bila mandharinyuma, nirekebishe chupa peke yake, kisha rangi ya mteja niiweke chini mwishoni kabisa. Kinachonitatiza ni kioo, maana rangi ya nyuma inapita ndani yake, na kivuli pia: kikiwa leya (tabaka la picha) nyeusi tu, rangi yake inakuwa baridi, kinakosa ule wekundu kidogo wa rangi iliyo chini yake.

Mnaofanya kazi hizi, kivuli mnakitoa kwa leya yake na kukizidisha (Multiply) juu ya rangi? Au mnailinda rangi ya nyuma kwa maski, yaani kuziba sehemu hiyo isiguswe na marekebisho? Na ukingo wa kioo mnauachaje safi?