Chemsha bongo za hisabati, darasa la sita hadi kidato cha pili: zipi zinafikirisha kweli?

Mwl_Mbuyuni (Moshi)

Wakuu habari za leo. Naomba msaada wa maswali ya klabu ya hisabati. Tunakutana Alhamisi baada ya masomo, dakika 80, watoto kama 30, mchanganyiko wa darasa la sita, la saba, kidato cha kwanza na cha pili. Kukokotoa wanajua. Tatizo ni kwamba ukiwapa lile la kuvusha mtoni chui, mbuzi na majani, nusu wanalijua tangu nyumbani: wanataja jibu na kazi imeisha. Ukiwapa gumu zaidi wanajaribu namba moja baada ya nyingine mpaka moja ikubali, na ukiuliza kwa nini, kimya.

Ninatafuta maswali yasiyovuka mada za kidato cha pili, vifaa viwe vya bure, na mtoto anayelijua jibu abaki na kazi ya kufanya. Pia mnasahihishaje, na kwa lugha gani, maana wa msingi wanasoma kwa Kiswahili na wenzao kwa Kiingereza?

---

VizibonaKete

Mwalimu, swali kujulikana si tatizo. Libadilishe mpaka jibu la kukariri likatae.

Mfano ni lile la daraja. Watu wanne wanavuka usiku, tochi moja, daraja linabeba wawili tu kwa mara moja, na wawili wakivuka pamoja wanakwenda kwa mwendo wa yule mzito, yaani wa polepole. Unatafuta muda mfupi kabisa wa wote kuvuka. Namba za siku zote, yaani muda wa kila mmoja kuvuka, ni dakika 1, 2, 5 na 10, jibu 17. Njia yake: wa 1 na wa 2 wanavuka (2), wa 1 anarudisha tochi (1), wa 5 na wa 10 wanavuka (10), wa 2 anarudisha tochi (2), wa 1 na wa 2 wanavuka tena (2).

Sasa wape 1, 4, 5 na 10. Aliyekariri atafuata njia ileile: 4+1+10+4+4 = 23. Amekosa. Hapa mwepesi kuliko wote akimsindikiza kila mtu inakuwa 10+1+5+1+4 = 21. Watabishana sana, na hayo mabishano ndiyo unayoyataka. Ukiwapa 1, 3, 5 na 10 njia zote mbili zinatoa 20, hapo wanachanganyikiwa kabisa. Ndipo unawaambia kidato cha pili waache namba, watumie a, b, c, d kutoka mwepesi hadi mzito. Njia ya kwanza ni a + 3b + d, ya pili ni 2a + b + c + d. Ukitoa moja kwenye nyingine unabaki na swali moja tu: je, 2b ni ndogo kuliko a + c? Ikiwa ndiyo, tumia njia ya kwanza. Aljebra yao inatosha kabisa.

La pili ni mchezo wa kuondoa vizibo. Wachezaji wawili, kila mmoja kwa zamu anaondoa kizibo 1, 2 au 3, anayechukua cha mwisho anashinda. Siri ni kumwachia mwenzako kigawe cha 4. Kosa ninaloliona kila mahali ni kuanza na vizibo 21. Wa kwanza anachukua 1, anaacha 20, anashinda. Halafu mwalimu anaongeza ugumu, anaruhusu kuchukua hadi 4, siri inakuwa vigawe vya 5, lakini 20 ni kigawe cha 4 na cha 5 pia! Mtoto aliyekariri “acha 20” anashinda tena bila kuelewa lolote. Vivyo hivyo kwa 22 na 23. Anza na 18. Ukiruhusu hadi 3, wa kwanza achukue 2 abakishe 16; ukiruhusu hadi 4, achukue 3 abakishe 15. Hapo aliyekariri anaumbuka mapema.

Mwisho geuza: anayechukua cha mwisho ameshindwa. Wengi watadhani ni kugeuza kila kitu. Siyo. Ukiruhusu hadi 3, unaacha namba inayozidi kigawe cha 4 kwa moja: 17, 13, 9, 5, 1. Kwa hiyo kwenye 18 wa kwanza anachukua kimoja tu.

---

Drafti_Ngarenaro

Naongeza upande ambao shule nyingi zinausahau: maswali ambayo jibu lake ni “haiwezekani”. Mtoto anayebahatisha hana pa kutokea, maana kujaribu mara mia na kushindwa hakuthibitishi kitu.

Chukua ubao wa drafti, miraba 64. Kata vipande vya boksi, kila kimoja kifunike miraba miwili iliyo jirani. Vipande 32 vinafunika ubao wote, waache wafanye. Kisha ziba pembe mbili zinazokabiliana kimshazari. Imebaki miraba 62, vipande 31, hesabu inakubali. Waambie wafunike.

Hawatafanikiwa. Usiseme chochote kuhusu rangi. Ukigusia tu umeua swali. Wakikwama, warudishe kwenye ubao mdogo wa 4 kwa 4, miraba 14, vipande 7, na waulize: kipande kimoja kinakaa juu ya miraba ya rangi gani? Kila kipande hufunika mweusi mmoja na mweupe mmoja. Pembe mbili ulizoziba ni za rangi moja, kwa hiyo kwenye ubao mkubwa zimebaki 32 za rangi moja na 30 za nyingine. Basi.

Angalizo la kifaa: tumia ubao uliopakwa rangi. Ukichora gridi tupu kwa chaki, swali linapanda ugumu mara kadhaa, kwa sababu rangi inabidi waibuni wenyewe. Hilo liwekee kidato cha pili.

Kisha uliza kinyume chake: nikiziba mweusi mmoja na mweupe mmoja, popote nitakapo, inawezekana daima? Jibu ni ndiyo, na uthibitisho wa mwanahisabati Ralph Gomory wa Marekani unapendeza mno. Chora njia moja inayopita kila mraba na kurudi ilikoanzia: anza pembe ya juu kushoto, pita safu ya kwanza yote kwenda kulia, shuka, rudi kushoto hadi mraba wa pili tu, shuka, nenda kulia, hivyo hivyo hadi safu ya nane, halafu panda kwa ule mstari wa kushoto ulioachwa wazi. Rangi zinapishana njia nzima. Ukiziba mraba mmoja wa kila rangi, njia inakatika vipande ambavyo kila kimoja kina idadi shufwa ya miraba, kwa hiyo unapanga maboksi ukifuata njia. Kosa la watoto ni kurudi mpaka mwisho wa kushoto kwenye safu ya pili. Wakifanya hivyo hakuna pa kupandia.

Madumu nayo yaingie humuhumu. Lita 3 na lita 5, pata lita 4: jaza la 5, mimina kwenye la 3, limebaki na 2, mwaga la 3, hamishia zile 2, jaza la 5, jazia la 3 kwa lita 1, zimebaki 4. Wakimaliza, wape la lita 6 na la lita 10, watafute lita 5. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 6 na 10 ni 2, na kujaza, kumwaga na kuhamisha kote huko kunaacha namba shufwa tu. Wanajua KKS tangu msingi ila hawajawahi kuona inazuia kitu. Maji halisi usilete, sakafu italowa na hakuna atakayekumbuka hatua. Jedwali la safu mbili kwenye daftari linatosha.

---

Mama_Sakina

Mwalimu shikamoo. Mimi naongelea mantiki na usahihishaji.

Kwa mantiki, chukua swali fupi ambalo ukibadilisha sharti moja jibu linageuka. Dirisha limevunjwa na mmoja kati ya wanne.

Neema: “Ni Baraka.”
Baraka: “Ni Upendo.”
Upendo: “Baraka anadanganya.”
Elia: “Si mimi.”

Mmoja tu anasema kweli. Nani kavunja? Wanaobahatisha watamshika Baraka kwa kuwa katajwa mara nyingi. Njia ya haraka: Baraka na Upendo wanapingana, kwa hiyo mmoja wao lazima ni mkweli, na ukweli wote umeishia hapo. Elia basi kadanganya, na aliposema “si mimi” kajitaja. Sasa badilisha: mmoja tu anadanganya. Uongo wote uko kwa Baraka au Upendo, kwa hiyo Neema kasema kweli, na mvunjaji ni Baraka. Mwisho wahakiki maelezo yote manne dhidi ya jibu. Hatua hiyo wanairuka kila mara, na ndiyo inayoonyesha kama jibu limesimama.

Kusahihisha: Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati inatoa alama 7 kwa kila swali. Chukua hizo 7, ila gawa hivi: 2 za jibu, 5 za sababu. Jibu sahihi lisilo na sababu linapata 2 na hakuna mjadala. Usitoe machaguo A hadi E. Mashindano ya hisabati ya Kangaroo, yaliyoanzia Ufaransa mwaka 1991, ni ya kuchagua jibu na maswali yake ni mazuri sana, lakini kwa ugonjwa wako wa kubahatisha futa machaguo kwanza, ndipo uwape.

Lugha: Kiswahili wote. Wa kidato cha kwanza wengi wanaanguka kwenye kusoma swali kabla hawajafika kwenye hisabati, na hapa unapima kufikiri. Wenye kutaka kuandika kwa Kiingereza wasizuiwe.

---

Noah_ya_Arusha

Lete na la barabarani, linawashika hata watu wazima. Chukulia Moshi hadi Arusha ni km 80. Gari limekwenda kwa km 40 kwa saa, limerudi kwa km 60 kwa saa. Wastani wa mwendo? Wote watasema 50. Kwenda saa 2, kurudi saa 1 na dakika 20, jumla km 160 kwa saa 3 na dakika 20, wastani ni 48. Kisha: limekwenda kwa 40, lirudi kwa mwendo gani wastani uwe 80? Watasema 120. Hesabu: km 160 kwa wastani wa 80 ni saa 2, na saa 2 zimeshaisha njiani kwenda. Haiwezekani hata kwa ndege.

Na hili la herufi. Kila herufi ni tarakimu yake, namba haianzi na sifuri:

KAKA + DADA = UBABE

Waambie wasiguse K na D kwanza. Waangalie mamia: A na A wanatoa A. Hilo linatokea kwa 0, au kwa 9 ikiwa kuna 1 imetoka kwenye makumi. A ikiwa 0, E nayo ni 0, haikubaliki. Kwa hiyo A = 9. Mamoja 9 na 9 ni 18, andika 8, peleka 1, E = 8. U ni 1, jumla ya namba mbili za tarakimu nne haiwezi kuvuka hapo. Kilichobaki ni K + D = 9 + B. Majibu ni mengi. Ukitaka liwe moja, ongeza kwamba B ni witiri na kaka ni mkubwa kuliko dada: 7979 + 5959 = 13938.

---

Mwl_Mbuyuni (Moshi)

Asanteni sana, Mama Sakina marahaba. Alhamisi hii naanza na vizibo 18 dakika 25 za mwanzo, dirisha la akina Neema dakika 15, na drafti muda wote uliobaki. Daraja na madumu wiki inayofuata. Noah, bila masharti yale mawili ya mwisho napata majibu 14 ya KAKA na DADA. Ndivyo?

---

Noah_ya_Arusha

Ndivyo. B ikiwa 0 yako 6, ikiwa 2 yako 4, ikiwa 3 yako 2, ikiwa 4 yako 2. Mtoto akikuletea 24, kasahau kwamba 8 imeshachukuliwa na E. Akikuletea 7, hajahesabu kwamba K na D wanaweza kubadilishana.