Tupeane uzoefu: programu gani ya hali ya hewa inamfaa anayekwenda kazini kwa baiskeli?

Cheni Kavu (Kimara, Dar)
Wakuu habari za leo. Uzi huu ni wa wale tunaokwenda kazini na kurudi kwa baiskeli, sio wale wa mazoezi ya Jumapili (nanyi karibuni, ila nyie mvua ikinyesha mnageuka ubavu mnaendelea kulala). Mimi natoka Kimara mpaka Posta kwa Barabara ya Morogoro, kwenye kile kinjia cha baiskeli pembeni ya mwendokasi, bodaboda na meza za biashara zikiniruhusu. Nguo za ofisini ziko kwenye keria, laptopu mgongoni, na masika ndiyo hii inabisha hodi.

Programu iliyokuja na simu imekata tamaa kabla yangu. Kuanzia Machi mpaka Mei inabandika wingu lenye radi kila siku, asilimia 60 asubuhi, asilimia 60 mchana, asilimia 60 usiku. Mwenye gari hiyo inamtosha. Mimi nataka kujua kitu kimoja: kati ya saa 12 na saa 1:30 asubuhi, kati ya Kimara na Jangwani, nalowa au silowi?

Semeni mnatumia ipi, mko wapi, na mnaangalia nini ndani yake. Asiyetaja alipo atakuwa hajatusaidia, maana mvua ya Bukoba si ya Dodoma.

Njia ya Vumbi (Mbezi, Dar)
Yr. Ni ya taasisi ya hali ya hewa ya Norway pamoja na shirika lao la utangazaji NRK, ipo tangu 2007, haina matangazo na haili bando. Usiandike "Dar es Salaam", andika mtaa wako. Halafu achana na picha za mawingu, soma milimita. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba. Ikiandika 0.2 kwa saa hayo ni manyunyu, piga pedeli twende. Ikiandika 5 kwa saa, panda mwendokasi. Siku mbili hivi za mwanzo anakupa saa kwa saa, mbele ya hapo anakupa mafungu ya saa sita sita, na hayo mimi siyasomi kabisa.

Mzee wa Keria
Mimi nawaangalia wauza mitumba wa Manzese. Wakianza kuvuta maturubai, natafuta kibaraza. Bando langu liko salama.

Kiroba cha Laptopu (Tabata, Dar)
Mzee wa Keria umenichekesha, ila una hoja kuliko unavyodhani. Wale wanaona wingu la dakika hii. Programu nyingi zinakusomea hesabu za jana.

Nieleze kidogo. Modeli za utabiri, yaani hesabu za kompyuta ambazo programu zetu zinazisoma, zinaigawa dunia kwenye miraba. Mraba wa ECMWF ya Ulaya una kama kilomita 9, ICON ya Ujerumani 13, na GFS ya Marekani, kwa data zinazotolewa bure, unazidi 20. Kimara hadi Posta ni kama kilomita 15. Kwa hiyo safari nzima ya mleta uzi inaingia kwenye miraba miwili, pengine mmoja, wakati wingu letu la mvua linaweza kuwa na upana wa kilomita tatu nne tu. Ndiyo maana Ubungo wanakimbizana kuanua nguo huku Magomeni jua kali.

La pili ni saa. Modeli hizi huanza hesabu zake kwa hali ya saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku kwa saa zetu, na majibu hutoka saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo ukiamka saa 12 asubuhi ukafungua simu, unasoma kitu kilichohesabiwa kutokana na hali ya saa 3 usiku wa jana. Hapo katikati bahari imeshapika mengine.

Mimi natumia Windy, ile ya Wacheki iliyoanza 2014 (kuna nyingine yenye jina linalofanana, msichanganye). Usiku kabla ya kulala nalinganisha modeli tatu. Zote zikisema mvua asubuhi, naweka nguo kwenye kiroba na kufunga mdomo kwa mpira wa tyubu. Zikigombana, sijali. Asubuhi sigusi tena modeli, nafungua picha za setilaiti. Za Meteosat huja kila baada ya dakika 10 au 15. Naicheza saa moja iliyopita na kuangalia lile bonge jeupe lililo baharini linasogea upande gani. Likielekea Kigamboni, nasubiri chai ya pili.

Mwana wa Bububu (Unguja)
Assalaam aleikum wenzangu. Hiyo setilaiti ya ndugu yetu wa Tabata ni nzuri kwa mawingu makubwa ya masika. Ije Julai uone. Picha ile inayoonekana hata usiku hupima joto la kilele cha wingu: kilele kikiwa juu sana kina baridi, basi huonekana cheupe. Hizi rasharasha za kusi, upepo wa kusini, zinatoka kwenye vijiwingu vya chini, vya vuguvugu, ambavyo kwenye picha karibu havionekani. Unaona pameng'aa, unatoka, unafika Mtoni umerowa chepe. Na kinyume chake pia: utando mweupe wa juu kabisa unaotanda mbingu nzima mara nyingi hautoi hata tone. Jua likishachomoza tumia picha ya mwanga wa kawaida, ile huwa haifichi vijiwingu.

Lakini mie huku simuogopi mvua kama ninavyomuogopa upepo. Nakaa Bububu, kazi yangu Mjini. Kusi likishika, asubuhi naenda mbisho njia nzima, jioni linanisukuma nyumbani kama nimefungiwa mashine. Kaskazi likiingia mambo yanageuka: asubuhi raha, jioni unarudi na njaa na upepo uko kifuani. Kwa hiyo kwenye programu mie kitu cha kwanza ni upepo. Yr huandika mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa: 5 ni kama 18, 8 ni karibu 29. Kwa baiskeli yangu ya gia moja, 8 usoni ni adhabu. Tazama na ile namba ya mavumo, upepo unapokuja kwa kishindo, kwani hiyo ndiyo inayokusukuma kwenye daladala linalokupita.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wakitoa angalizo la "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2", watu wa baiskeli husema hilo la wavuvi. La wavuvi vipi? Toka wewe na kapu mbele ya usukani uone. Siku hizo natoka alfajiri mapema, kusi halijapata nguvu ya jua.

Nyar Nam (Kisumu)
Jameni huku kwetu ni tofauti kabisa. Asubuhi huwa shwari, taabu ni kuanzia saa tisa alasiri. Joto la mchana, upepo wa ziwa, na milima ya Nandi na Kericho nyuma yetu, basi ngurumo zinajijenga mbele ya macho yako. Na mvua ya mawe juu yake. Mimi asilimia ya mvua siitazami. Kwenye Windy kuna ramani ya CAPE, yaani nishati iliyoko hewani ya kulisha ngurumo. Ikipita 1000 mchana, natoka kazini saa nane kama mkubwa ananiruhusu, la sivyo nabaki mpaka ipite.

Na tafadhali wale wanaosema tairi za mpira zinakukinga na radi, wacheni. Hazikingi. Ukisikia ngurumo ingia ndani ya jengo, sio chini ya mwembe, na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Senene Mkavu (Bukoba)
Dada wa Kisumu, ziwa ni lilelile ila sisi tuko ng'ambo yenye mkosi. Usiku nchi kavu hupoa, upepo wa pande zote unashuka kuingia ziwani, unakutana katikati na kupanda juu, ngurumo zinazaliwa humo. Kisha zinasukumwa magharibi. Magharibi ni sisi. Zinatufikia alfajiri na asubuhi, saa hasa ya kwenda kazini. Habari njema ni kwamba zinaonekana zikija. Saa 11 naangalia setilaiti kabla hata ya kunawa uso. Kukiwa na bonge ziwani, sitoki kabla ya saa 2, na bosi wangu ni Mhaya, naye anaangalia hilohilo.

Mtoro wa Masika (Utrecht, Uholanzi)
Msinichukie. Huku kuna Buienradar, inakuchorea mvua ya saa mbili zijazo dakika tano tano, pale ulipo. Siri si ujanja wa programu, ni rada za nchi nzima ambazo data zake ziko wazi. Watu wanasimama mlangoni na helmeti mkononi, "dakika kumi na tano zaidi", kisha wanatoka na kweli inakata. Nikija likizo Dar naizima. Programu za rada ukizifungua upande wetu, rangi nyingi unazoziona ni makadirio ya setilaiti tu. Kwa hiyo anayewashauri "tafuta yenye rada" amesoma ushauri wa watu wa Ulaya.

Mama Spoku (Gongo la Mboto, Dar)
Kwa tunaokaa karibu na uwanja wa ndege: kwenye Windy gusa alama ya uwanja, Julius Nyerere ni HTDA. Utaona ripoti ya kinachotokea sasa hivi. Ukikuta TSRA ni ngurumo na mvua. Saa zake ni za Greenwich, ongeza tatu. Kimara haitawasaidia sana.

Kiroba cha Laptopu (Tabata, Dar)
Kuna jambo hatujalisema, na kwa mleta uzi ni kubwa kuliko kulowa. Jangwani. Mto Msimbazi unaopita hapo unaanzia kwenye vilima vya Kisarawe. Inaweza kunyesha huko usiku kucha, wewe Kimara unaamka pakavu, programu inakuchorea jua, ukifika Jangwani maji yamekata barabara. Programu inakujibu ulipo, haikujibu maji yanakotoka. Ongeza Kisarawe kama sehemu ya pili kwenye Yr na uisome kila usiku wa masika.

Na hapo ndipo TMA wanapowapita wote. Utabiri wao wa saa 24 unaweka Dar, Tanga, Pwani na visiwa kwenye kapu moja, kwa kinjia chako hauna msaada. Ila zile tahadhari za siku tano zifuate. Angalizo, mimi naendelea na safari. Tahadhari, naiacha baiskeli. Tahadhari kubwa, sitoki. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 walikitangaza kabla hakijafika jirani na Mafia, wakati simu yangu bado inachora lile wingu lake la kila siku.

Cheni Kavu (Kimara, Dar)
Asanteni sana wakuu. Nimepakua Yr, nimeweka Kimara, Posta na Kisarawe. Kimara kesho asubuhi 0. Kisarawe usiku huu 22! Nikipitia Kigogo vipi?

Mzee wa Keria
Kigogo nako ni Msimbazi uleule.

Njia ya Vumbi (Mbezi, Dar)
Ukifika Ubungo ingia Sam Nujoma, tokea Mwenge, kisha ushuke mjini kwa Salenda. Ni mzunguko, ondoka nusu saa kabla. Na angalia upepo: kama kusi limeshaanza, kuanzia Mwenge utakuwa nao usoni.