Mrejesho: ukungu nyuma ya kabati, nyumba mpya Mbeya

Wakuu, niliuliza kwa nini ukuta wa chumbani kwetu, mimi na mke wangu, unaota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Asanteni sana. Si bomba wala paa, ni mvuke: watu wawili wanalala madirisha yamefungwa kwa baridi ya Juni, pumzi inagusa ukuta wa nje uliopoa, inageuka maji.

Kabati limesogezwa sentimita 10, dirisha linafunguliwa nusu saa kila asubuhi. Ukungu tumeufuta kwa jiki, kikombe 1 kwa maji vikombe 4, dakika 15, mikono ina glavu. Msiichanganye na dawa ya choo! Rangi isubiri ukuta ukauke, la sivyo itabanduka magamba magamba.

Jiko la mkaa nalo halilali tena chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua usingizini.