Vyuma vya vita ya 1914 shambani kwetu Maktau: tuvichimbue au tuviache?

Mkulima wa Maktau aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Shamba la baba liko karibu na njia ilikopita reli ya kijeshi, ile ambayo Waingereza waliijenga kutoka Voi mwaka 1915 ili kufikisha majeshi kwenye mpaka wa Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Mdogo wangu alikuja likizo na mashine ya kutambulia metali, nasi tumezunguka nayo siku tatu. Mwanzoni tuliirekebisha isilie kwenye chuma, kwa kuwa udongo wetu mwekundu unaifanya ipige kelele ovyo. Tulipoiachia ilie kwa kila kitu, tulitoa misumari minne ya reli na kiatu cha chuma cha nyumbu, yule mnyama wa mizigo aliye chotara wa punda na farasi.

Kiatu hicho kilitoka ardhini kikiwa kizima, cheusi, na matundu ya misumari yakionekana wazi. Nilikiosha kwa maji ya bomba, nikakianika juani. Leo ni wiki ya tatu: kimepasuka ubavuni, kinabanduka magamba, na ndani ya nyufa mna vitone vya kahawia mfano wa jasho. Je, kinaokoleka? Na tuendelee kuchimba?

Fundi Mhifadhi alijibu:

Marahaba. Hilo jasho ndilo ugonjwa wenyewe. Chuma kikikaa ardhini miaka mia moja hunyonya chumvi ya udongo, na chumvi hiyo hujificha chini ya kutu, palipobaki chuma kizima. Kikiwa kimefukiwa hutulia, lakini kikipata hewa na unyevu, chumvi huanza kukila kwa ndani, na kutu mpya inayozaliwa huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana kinajipasua chenyewe. Maji ya bomba huenda yaliongeza chumvi, na jua lilikikausha kwa ghafla.

Usikipige kwa nyundo wala kukisugua kwa msasa, kwa sababu mara nyingi umbo la asili limebaki ndani ya kutu tu, na ukiitoa kutu umetoa kiatu. Kiweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotiwa katika maboksi ya viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara. Hiyo haiponyi, ila inapunguza kasi hadi mtaalamu akione. Wapo watakaokushauri ukiloweke katika magadi na kukipitishia umeme wa betri. Magadi ya kupikia yana chumvi ndani yake, yaani adui yule yule, na umeme ukizidi huchomoa kutu yote pamoja na umbo. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nilipoanza kazi hii niliharibu jembe la kale la mhunzi kwa njia hiyo hiyo, likabaki kipande chembamba kisicho na makali wala shingo.

Msomaji wa Taveta alijibu:

Mimi naanza na swali la pili. Ndugu yangu, simamisheni uchimbaji. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka leseni kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale, na anayekuta kitu cha kiakiolojia anapaswa kutoa taarifa Makumbusho, akieleza mahali hasa alipokikuta.

Hilo neno "mahali" ndilo lenye uzito kwangu. Shambulio la kilima cha Salaita la tarehe 12 Februari 1916 limeandikwa na maofisa, lakini wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, hawakuandikiwa mengi. Mahali walipolala, walipopika, walipofunga nyumbu, panaweza kujulikana kwa vyuma vilivyoanguka na jinsi vilivyopangana. Msumari mmoja ukiwa mkononi ni msumari tu. Misumari ishirini iliyoachwa ilipoangukia ni banda la wanyama.

Askari Mstaafu alijibu:

Naongeza jambo moja, nanyi mlishike. Mashine haiwezi kutofautisha kiatu cha nyumbu na ganda la mzinga ambalo halikulipuka, na baruti ya zamani haipoi kwa kuzeeka. Mkiona chuma cha mviringo kilichochongoka upande mmoja, msikitikise, msikioshe, msikipeleke nyumbani. Wekeni alama kwa mbali, ondoeni watoto na mifugo, mwiteni polisi.

Mkulima wa Maktau:

Ahsanteni sana. Kiatu nimekitia katika chombo kama alivyoelekeza Fundi, na mashimo mawili ambayo bado yalikuwa wazi tumeyafukia. Misumari minne nimeifungia kila mmoja karatasi yake, nikaandika hatua ngapi kutoka mti gani. Wa nne sikumbuki vizuri ulitoka shimo lipi, na hilo linanisumbua. Jumatatu naipeleka yote Makumbusho pamoja na mchoro wa shamba.