Vijana wanadai tuta na kivuko mbele ya shule ya msingi: waanzie wapi?

Nuru_Mtaani:
Wakuu, habari za jioni. Barabara ya lami inapita kati ya shule ya msingi na makazi, na watoto wa darasa la kwanza wanavuka wenyewe. Hakuna tuta, hakuna zebra. Kikundi cha vijana wa mtaa, wengi wa miaka 15 hadi 20, kinataka kulisemea hili. Tuandike kwa nani, na tuambatanishe nini ili barua isiishie kwenye droo?

Fundi_Lami:
Mjue kwanza barabara ni ya nani. Hapa Tanzania, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya na mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Barua ikienda kusiko inalala miezi. Ulizeni ofisi ya kata.

Halafu msiandike "magari yanakimbia sana". Leteni namba. Pimeni mita 100 kwa futi kamba, mtie alama mbili za chokaa pembeni. Mmoja anashusha mkono gari likifika alama ya kwanza, mwenzake kwenye alama ya pili anahesabu kwa saa ya simu. Gawanyeni 360 kwa sekunde mlizopata: sekunde 12 ni kilomita 30 kwa saa, 7.2 ni 50, na 5 ni 72. Kisheria, mwisho kwenye makazi ni 50. Msifupishe iwe mita 50, maana hapo mkono ukichelewa nusu sekunde tu, gari la kilomita 50 kwa saa linasomeka 58. Na mkae mbali na lami, chini ya mti au barazani. Dereva akiona kundi na simu anapunguza mwendo, na kazi yote inaharibika.

Magari 100 saa 12:30 hadi 1:30 asubuhi, mengine 100 watoto wakitoka. Hesabuni pia watoto wanaovuka, na wanavukia wapi hasa.

Mama_Kata:
Wanangu, hongereni. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wa miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo wa miaka 15 wamwombe mwenyekiti mapema nafasi ya kuzungumza. Wasikae kimya, wao ndio wanaovuka pale. Ombeni hoja iingie kwenye ajenda kabla tangazo halijabandikwa. Ikiachwa kwenye "mengineyo", nusu ya watu wameshaondoka.

Asimame msemaji mmoja, dakika tatu, na karatasi ya namba mkononi. Kisha hakikisheni azimio limeandikwa kwenye muhtasari, mpate nakala yenye muhuri. Hiyo ndiyo inayoambatana na barua kupitia kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na mwalimu mkuu. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, vinginevyo mkifuatilia mtaambiwa haijafika. Picha za ajali zenye sura za watoto msiziambatanishe wala kuzirusha kwenye magrupu.

Nuru_Mtaani:
Asante sana mama, asante mkuu. Kuna wenzetu wanataka tumwage kifusi wenyewe usiku wakati tunasubiri.

Fundi_Lami:
Wazuieni kabisa. Tuta lisilo na rangi wala kibao cha tahadhari, bodaboda analiona akiwa ameshafika juu yake. Isitoshe, ni kuharibu barabara, kosa litakalowafunga mdomo kwenye hoja yenu yote.

Wakati mnasubiri, angalieni kinachomficha mtoto. Mara nyingi ni kibanda au pikipiki zilizoegeshwa pale pale anapotokea. Zungumzeni na kijiwe kisogee mita 20. Gari la 50 linakula takriban mita 14 kwa sekunde moja, kabla dereva hajagusa breki.

Na kwenye barua ombeni kivuko kilichoinuliwa, si zebra ya rangi peke yake. Rangi inafutika, na dereva asiyelazimika kupunguza mwendo anaipita tu.

Mama_Kata:
Na mtu mzima asimame pale asubuhi na mchana kuwavusha. Ongeeni na kamati ya shule wiki hii, hilo halihitaji bajeti.