Wauza matanuri ya mtumba mnatuumiza! Kioo kinaandika digrii 800, ndani ni zaidi ya 1100

Wakuu, nimekaa na hasira hii wiki mbili, leo naitoa.

Mimi ni fundi chuma, Gerezani, Dar. Natengeneza patasi na tezo za maseremala. Miaka yote nimepasha chuma kwa mkaa na mvukuto nikitazama rangi. Mwaka huu nikajinyima, nikanunua tanuri la umeme lililotumika Ulaya, milioni 1.8. Muuzaji akaliwasha mbele yangu, kioo kikaandika 31. "Unaona fundi, linasoma joto la humu ndani sawasawa." Akapandisha kidogo, namba zikapanda, koili zikaiva, tukapeana mikono.

Hapo ndipo tunapigwa wengi. Ile 31 haithibitishi chochote! Themokapo, kile kipima joto kinachoingia ndani ya tanuri, ni nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa ncha. Inachotoa ni umeme mdogo mno, kwa kadiri joto la ncha linavyotofautiana na joto la kule nyaya zinakoingia kwenye kontrola, kile kifaa chenye kioo kinachowasha na kukata umeme. Tanuri likiwa baridi hakuna tofauti, kwa hiyo kontrola inakuonyesha joto lake yenyewe. Chomoa themokapo, unganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya, itaandika 31 ileile.

Nikachoma patasi 24 za oda ya seremala wa Keko, chuma cha zana kiitwacho O1, ambacho huzimwa kwenye oili (hupozwa ghafla ili kiwe kigumu) kikiwa kati ya digrii 790 na 815. Nikaweka 800. Nilipofungua mlango, mzee wa banda la jirani alikuwa anapita. Akasimama. "Mwanangu, hiyo si nyekundu ya kuzima. Hiyo imeshakuwa njano." Nikamjibu kwamba kioo kinaandika 800, mzee wangu. Naumia kila nikikumbuka jibu lile.

Patasi ya kwanza ilipigwa nyundo tatu kwenye mninga, ncha ikakatika kama biskuti. Nikaisogeza kwenye mwanga. Chuma kilichozimwa vizuri kikivunjika ndani huwa kijivu laini kisichong'aa. Hiki kilikuwa chengachenga zinazometa kama chumvi ya mawe. Punje za chuma zimekua kwa kuchomwa kupita kiasi. Nikavunja nyingine nne makusudi, zote vilevile.

Nikachomoa themokapo, nikaitumbukiza ncha kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Dar tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa 100. Kontrola ikaandika 84.

Themokapo ni aina ya K, imeandikwa kwenye kichwa chake. Nikaingia kwenye mipangilio ya kontrola: imewekwa J, aina nyingine ya themokapo yenye madini mengine! Kwenye joto la 800, K inatoa kama milivolti 33, J inatoa 45 na ushee. Kontrola inasubiri 45 ndipo ikate umeme, na K haifiki hapo mpaka ipite 1100. Ndiyo maana chuma changu kiliiva njano huku kioo kimetulia kwenye 800. Kontrola za J zimejaa kwenye mashine za plastiki, ambako joto ni la chini. Kwa tanuri la chuma J haifai kabisa. Mtu kang'oa kontrola ya asili, kabandika hii, na kwenye bati matundu ya skrubu hayalingani, pembeni kumepakwa gundi. Aliyefanya hivyo alijua anachofanya.

Nikaweka K, maji yakasoma 100. Nikadhani nimemaliza. Kumbe bado. Nikaweka chumvi ya mezani kwenye kikombe kidogo cha chuma, karibu kabisa na ncha, nikapandisha polepole. Chumvi inayeyuka kwa 801. Yangu iliyeyuka kioo kikiandika 760.

Nikazima umeme kwenye swichi kubwa (tafadhali, msiingize mkono wala kitu cha chuma koili zikiwa na umeme), nikafungua kifuniko cha kichwa cha themokapo nyuma ya tanuri. Ndani nimekuta nyaya zinazokwenda kwenye kontrola ni za shaba za kawaida, zile za kufungia taa, zimesokotwa na kuzungushiwa gundi ya plastiki iliyokwisha kuungua. Kichwa kile tanuri likichemka hakishikiki. Ukiunga kwa shaba pale, joto lote la kichwa linalozidi lile la kontrola linapotea kwenye hesabu. Digrii zangu 40 zimeishia hapo.

Na asije mtu kuniambia niongeze 40 kwenye marekebisho ya kontrola. Kichwa kinazidi kupata moto kadiri unavyochoma, asubuhi upungufu ni huu, mchana ni mwingine. Dawa ni waya wa K kutoka kichwani hadi kwenye kontrola. Angalieni pia rangi: kwa mfumo wa Marekani, nyekundu ni hasi, na wengi wanaifunga upande wa chanya kwa mazoea. Chukua sumaku, mguu wa themokapo ya K unaovutwa ndio hasi.

Nimempigia muuzaji. "Fundi, wakati unaondoka nalo lilikuwa linasoma vizuri." Nikamweleza habari ya J na K, akakata simu. Patasi 24, chuma cha kuagiza, umeme, na mteja niliyemhudumia miaka sita ameenda kwa mwingine. Sitaki hela yote irudi. Nataka akiri kwamba aliuza kitu ambacho hakukipima.

Siku niliyobeba langu, yadini yalibaki mawili yenye kontrola zilezile na gundi ileile pembeni. Kama unakwenda kuangalia tanuri popote wiki hii, beba birika la maji ya moto na jiko la kuchemshia palepale, mwambie muuzaji aichomoe themokapo mbele yako. Akikataa, geuka uondoke na hela yako mfukoni.